Grace Hopper na Kompyuta

Grace Hopper alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1906. Alipokuwa na umri wa miaka saba alifungua saa saba za nyumbani kwao ili ajue zinavyofanya kazi.

Mwaka 1944 alianza kazi ya kompyuta katika jeshi la majini. Maagizo ya kompyuta yalikuwa namba, tena yalinakiliwa kwa mkono. Namba moja ikikosewa, kazi yote iliharibika. Mwaka 1952 alitengeneza kompaila, yaani programu ya kuifanya kompyuta yenyewe ikusanye na kupanga namba hizo. Wengi hawakumsadiki. Walidhani kompyuta huweza kuhesabu tu. Hopper alifariki mwaka 1992.

Programu za simu zinazotumika hata Miono, mkoani Pwani, huandikwa katika kompyuta kubwa zaidi. Kompaila hupangwa kwanza ili itoe namba zinazoeleweka na simu, si na kompyuta hiyo.