Mwalimu wa chuo na ndege za vita

Ukisikia jina la Omar al-Mukhtar wa Libya usidhani alikuwa jenerali. Alikuwa mwalimu wa chuo, alisoma Jaghbub kwa Wasanusi, akasomesha watoto Kur'ani.

Waitaliano walivamia mwaka 1911, na Novemba ile ile rubani wao akatupa mabomu kwa mkono karibu na Tripoli. Ndio mwanzo wa ndege kupiga mabomu vitani. Mwalimu wetu akapigana nao miaka 20.

Lakini hebu wafikirie wasioshika bunduki. Kufra ilipoanguka, Januari 1931, familia zilikimbilia jangwani, kina mama, wazee, watoto mgongoni, maji haba. Ndege zikawafuata huko huko na kuwapiga. Jioni ukishika tende yako, waombee, maana wengi wao hata majina hatuyajui.

Wa Jabal Akhdar na jirani zao, kiasi cha watu 100,000, walihamishiwa kambini, mifugo ikafa, na wao wakafa kwa maelfu. Mzee alikamatwa Septemba 1931 akiwa na miaka kama 70. Tarehe 16 akanyongwa Suluq, na watu wa kambini wakaletwa kwa nguvu kutazama.