Njinga: Malkia Aliyekataa Kuketi Chini

Hebu jiweke mahali pake. Mwaka ni 1622. Kaka yako, mfalme wa Ndongo, nchi iliyo ndani ya Angola ya leo, amekutuma Luanda ukazungumze amani na gavana wa Wareno. Unaingia, unamkuta gavana kwenye kiti chake. Wewe umetandikiwa zulia sakafuni. Utafanyaje?

Njinga, umri wake yapata miaka 40, inasemekana hakubishana. Alimwita mhudumu wake mmoja, akainama kwa mikono na magoti, naye akaketi mgongoni mwake. Mazungumzo yakaanza, uso kwa uso.

Kisa hicho ndicho kilichombeba Njinga hadi kwenye vitabu na michoro ya Ulaya. Kiliandikwa na mmisionari Mwitaliano, Cavazzi. Kitabu chake kilichapishwa 1687, kikatolewa kwa Kifaransa 1732, na wasomaji wa karne ya 18 wakamjua Njinga kupitia hapo: mara malkia jasiri, mara mla watu. Lakini sikia hii: Cavazzi alifika Angola 1654, miaka 32 baada ya kikao. Hakuwepo!

Na ukiangalia mchoro huo pekee, unakosa maisha yenyewe. Kaka alipofariki 1624, Njinga akashika utawala. Wareno wakamkataa, wakatawaza mtu wao, wakamwinda. Akakimbia, akaiteka Matamba, akaanza upya. Waholanzi walipotwaa Luanda 1641, akaungana nao. Walipofurushwa 1648, wengi wangesalimu amri. Yeye aliendelea tu.

Kilichomfikisha mezani ni dada yake, Kambu, aliyetekwa na Wareno 1646. Aliachiliwa miaka kumi baadaye, kwa mkataba wa amani. Bei? Watumwa zaidi ya 100.

Usiiruke sentensi hiyo. Huyu tunayempenda kwa kukataa kudhalilishwa alimkomboa dada yake kwa kutoa dada na kaka za watu wengine. Biashara hiyo aliijua, aliifanya.

Alifariki 17 Desemba 1663, akiwa na miaka 80 hivi, bado malkia. Wareno hawakuwahi kumng'oa Matamba.

Kwa hivyo siku ukikutana na mchoro ule mtandaoni, mheshimu Njinga, anastahili. Halafu shusha macho kidogo, umwangalie yule aliyeinama. Jina lake hakuna aliyejisumbua kuliandika.