Andrée Blouin: mugeni mwenye aliamsha wamama wa Congo

Andrée Blouin alizaliwa mwaka wa 1921 katika Oubangui-Chari, inchi yenye leo inaitwa Centrafrique. Baba yake alikuwa Mufaransa, mama yake Mwafrika. Akiwa na miaka 3 alipelekwa kwa masista wa Brazzaville, kwenye walilea watoto machotara. Kisha mutoto wake René alikufa na malaria: serikali ya koloni ilimunyima kinini juu alikuwa na damu ya Kiafrika.

Mwaka wa 1960 alifika Congo yetu, akazunguka vijiji kuunganisha wamama mbele ya uhuru. Akasimamia protokoli katika serikali ya Lumumba. Lumumba alipoangushwa, yeye akafukuzwa inchini sawa mugeni. Alikufa Paris mwaka wa 1986. Wamama wenye aliamsha walibakia hapa.