Dutton, munganga aliyekufa Kasongo na homa ya kimputu

Watu wa Kasongo, Lusangi na Kabambare wanamjua kimputu, kale kadudu kanakojificha ndani ya nyufa za nyumba ya udongo na kutoka usiku kuuma mwenye kulala. Tanzania wanamwita papasi. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kijidudu cha homa anayoleta kinabeba jina la munganga mmoja kijana, na kwamba munganga huyo alifariki hapa hapa Kasongo, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu. Jina lake ni Joseph Everett Dutton.

Alizaliwa Septemba 1874 huko Uingereza, upande wa Cheshire, karibu na bandari ya Liverpool. Alisomea uganga Liverpool, akamaliza 1897. Mwaka uliofuata shule ya kuchunguza magonjwa ya inchi za joto ilifunguliwa katika mji huo. Matajiri wa meli ndio walitoa pesa, maana watu wao walikuwa wanakufa sana Afrika. Dutton akaingia kazi hapo. Mfuko uliomlipa ulikuwa na jina la Walter Myers, munganga mwenzao aliyefariki Brazil mwaka wa 1901 kwa homa ya manjano, ugonjwa ule ule aliokuwa amekwenda kuchunguza. Dutton hakudanganywa basi. Alijua ni kazi ya namna gani.

Sifa yake ya kwanza ilitoka Gambia. Mwaka huo huo wa 1901, munganga Forde alikuwa na mgonjwa, kapiteni wa meli ya mto, mwenye homa isiyoisha. Ndani ya damu yake Forde aliona vitu vinavyotembea, lakini hakujua ni nini. Dutton alipofika aliangalia kwa mikroskopi, akatambua ni tripanosoma, kijidudu kilichojulikana mpaka hapo kwa wanyama. Akakiita Trypanosoma gambiense. Bado hakujua amekamata nini: baadaye kidogo, kwa kazi ya Castellani na Bruce kule Uganda, ndipo ilieleweka kwamba kijidudu cha namna hiyo ndicho kinaleta malale, ugonjwa wa usingizi.

Malale ndiyo ilimleta Kongo. Wakati huo inchi yetu ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, na malale ilikuwa inamaliza vijiji kando ya mito. Mfalme aliomba msaada Liverpool, na Septemba 1903 Dutton akaondoka pamoja na wenzake wawili, John Todd na Cuthbert Christy. Haifai kusahau ni wakati gani huo. Ilikuwa miaka ya mpira, ya kazi ya nguvu na ya watu kukimbilia porini, na malale ilikimbia pamoja nao. Hao waganga walisafiri chini ya ulinzi wa Serikali ile ile iliyokuwa inatesa watu.

Christy alirudi mwaka wa 1904. Dutton na Todd wakaendelea kupanda mto mpaka Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Pale wakakutana na homa nyingine: inashika siku chache, inaachilia, mtu anasema amepona, kisha inarudi tena. Wenyeji walikuwa wanasema zamani kwamba kimputu ndiye analeta ugonjwa. Wazungu wengi hawakuwasikiliza.

Dutton na Todd walisikiliza, wakapima. Waliacha vimputu vyenye ugonjwa viume nyani, nyani wakagonjwa. Halafu wakafanya jambo lililo kubwa zaidi: wakachukua watoto wa vimputu, waliotoka tu kwenye mayai na hawajauma mtu hata mmoja, wakawaweka kwa nyani. Nao wakaleta homa. Maana yake, mama anapitishia watoto ugonjwa ndani ya mayai. Nyumba inaweza kubaki na hatari hata kama mgonjwa amehama zamani, tena kimputu anaweza kukaa miaka bila kula. Kweli, Ross na Milne kule Uganda walikuwa wametangulia kidogo kutangaza kijidudu cha homa hiyo. Lakini habari ya mayai ilifunguliwa na hawa wawili.

Waliona pia kwamba vimputu vinajaa katika nyumba za kulala wasafiri, kwenye njia za zamani za misafara. Wapagazi walivibeba ndani ya mikeka na mizigo bila kujua. Mtu wa Maniema anaelewa mara moja, sababu njia hizo zilikuwa zinapita kwetu.

Katika kazi hiyo wote wawili walishikwa na homa ile ile. Todd alipona. Dutton alizidiwa kisha kufika Kasongo, akafariki. Inasimuliwa kwamba waliomzika walipita elfu moja, wengi wao wenyeji aliokuwa amewatibu. Majina yao hayakuandikwa, wala ya wale waliotoa damu yao ipimwe, wala ya wapagazi waliobeba sanduku za mikroskopi.

Todd aliandika matokeo, yakachapwa mwaka ule ule wa 1905. Yeye pia ndiye alishauri wagonjwa wa malale watengwe, na Serikali ikafuata: zikaja lazareti, ambazo watu walizichukia na kuzikimbia. Dutton hakuishi kuona hayo. Liverpool iliweka kiti cha ualimu kwa jina lake, akakikalia kwanza Robert Newstead, mtaalamu wa wadudu, kuanzia 1911.

Kijidudu cha homa ya kimputu kinaitwa sasa Borrelia duttonii. Kinatibiwa kwa antibiotiki kama tetrasiklini, lakini mbele ya munganga, sababu dozi ya kwanza inaweza kupandisha homa ghafula. Shida ni kwamba mara nyingi kinafikiriwa kuwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakikioni. Kinaonekana kwenye mikroskopi, katika tone la damu iliyochukuliwa wakati homa imepanda. Ikishuka, ni vigumu kukiona.