Habari za Charles Byrne, Jitu la Ireland

Charles Byrne alizaliwa mwaka wa 1761 katika nchi ya Ireland, karibu na mpaka wa Derry na Tyrone. Alikua kupita wenziwe wote, hata katika ujana wake kimo chake kikawa kama futi 7 na inchi 7.

Mwaka wa 1782 akaenda London, na kazi yake huko ilikuwa kutazamwa tu. Watu walitoa fedha wapate kumwona, wakubwa kwa wadogo. Lakini mwaka uliofuata akaibiwa noti za benki zipatazo pauni 700, karibu mali yake yote. Ulevi nao ulikuwa umekwisha mshika. Akafa mwezi wa Juni 1783, umri wake miaka 22.

Jambo lililomtia hofu lilikuwa maziko yake. Katika mji ule alikuwako tabibu mpasuaji hodari, John Hunter, mwenye kukusanya miili na mifupa ya wanyama na ya watu kwa ajili ya elimu. Byrne alijua ya kuwa Hunter anautamani mwili wake. Tena siku zile kupasuliwa baada ya kufa ilikuwa adhabu ya wauaji kwa sheria ya Uingereza. Basi akawaagiza rafiki zake wamtie katika jeneza la risasi, wamzamishe baharini. Jeneza lilichukuliwa pwani, lakini maiti hakuwamo: Hunter alikwisha kuipata kwa fedha, akaichemsha, akaitunza mifupa. Baada ya miaka michache akaionyesha wazi katika nyumba yake ya makumbusho.

Sisi tunaoitwa kila mara kwenye vitanda vya wagonjwa, nasi twasikia wasia wao, hatuwezi kuliita tendo hili jema, ijapokuwa elimu ilipata faida kubwa. Kwa maana mwaka wa 1909 tabibu Mmarekani, Harvey Cushing, alilifungua fuvu lile, akaona ya kuwa pango la tezi ya pituitari limepanuka. Tezi hiyo ni ndogo kama punje ya kunde, nayo iko chini ya ubongo. Ikiota uvimbe, yaweza kumwaga homoni ya kukuza kupita kiasi. Na mifupa ya kijana ambayo haijafunga miisho yake huzidi kurefuka. Laana wala uchawi haumo.

Mwaka wa 2011 wataalamu walichunguza meno yake, wakaona kasoro ya urithi ile ile iliyomo katika jamaa kadhaa za Ireland ya Kaskazini, walio wa asili moja naye. Watu wa jamaa hizo waweza kupimwa mapema na kutibiwa kabla ya kuharibika.

Mwaka wa 2023 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha London kilifungua tena makumbusho yake pasipo kuionyesha mifupa ya Byrne. Lakini kiliamua kuiweka kwa uchunguzi, wala hakikuipeleka baharini.