Kapteni Max von Stephanitz, Mtu Aliyewaandikia Mbwa Nasaba

Huenda wengi wenu mtacheka mkiona kwamba mimi nimechagua kuandika habari za mtu ambaye sifa yake yote ilitokana na mbwa, ilhali wenzangu wameandika habari za wafalme, maaskofu na wasafiri. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho. Ninayo sababu ya kumchagua mtu huyu, nami nitaieleza kwanza, ingawa hainiletei sifa.

Kwetu Ankole mzee afugaye ng'ombe aweza kukutajia mama wa ng'ombe wake, na nyanya yake, na fahali aliyemzaa, bila kutazama karatasi yoyote. Lakini mbwa hana mtu wa kumhesabia wazazi. Huzaliwa nyuma ya jiko, na baba yake ni yeyote aliyepita njia. Katika likizo ya mwaka jana mbwa wetu jike alizaa watoto watano. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa akitafuta mbwa wa kulinda mbuzi wake. Nikamwambia kuwa baba wa watoto wale alikuwa mbwa wa polisi, wa ile aina kubwa yenye masikio yaliyosimama, na kwa maneno hayo nikapata bei mara tatu kuliko ile ya kawaida. Kweli ni kwamba baba yao sikumjua. Mbwa yule akakua, akawa mwoga. Usiku mmoja wezi walipokuja alijificha chini ya ghala, na mbuzi wanne wakaenda. Mzee hakunigombeza. Alikuja kwetu, akaketi, akaniuliza jambo moja tu, baba wa mbwa yule alikuwa nani. Sikuwa na jibu.

Niliporudi shuleni nilitafuta katika maktaba habari za aina ile ya mbwa niliyoitaja kwa uongo. Hapo ndipo nilipokutana na Kapteni Max von Stephanitz.

Alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 30 Desemba 1864, katika jamaa ya kikabaila. Kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa namna yake, aliingia jeshini, akawa askari wa farasi, akapanda cheo hata akawa kapteni. Kwa muda alikuwa katika Chuo cha Matabibu wa Wanyama cha Berlin, na huko alijifunza mengi juu ya mwili wa mnyama, jinsi mifupa inavyoungana na jinsi mwendo unavyotokana na mifupa hiyo. Elimu ile ilimfaa baadaye kuliko upanga wake. Kisha akamwoa mwanamke aliyekuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani. Maofisa wa siku zile waliona ndoa ya namna hiyo haikumstahili mwenzao, na Stephanitz akaacha jeshi. Akakaa katika shamba lake huko Grafrath, katika nchi ya Bavaria, akawa na nafasi ya kutosha kuwaza juu ya mbwa.

Tena mawazo hayo alikuwa nayo tangu zamani. Alipokuwa askari, akisafiri mashambani, aliwaona mbwa wa wachungaji wakichunga kondoo. Mbwa mmoja aliweza kuliongoza kundi kubwa pembeni mwa shamba la nafaka bila kondoo hata mmoja kuingia shambani, akienda huku na huku tangu asubuhi mpaka jioni, na mchungaji alimwonyesha kwa mkono tu. Stephanitz alistaajabu. Lakini aliona pia kwamba mbwa wale walikuwa wa kila namna. Wengine walikuwa na manyoya marefu, wengine mafupi. Wengine masikio yamesimama, wengine yamelala. Kila jimbo lilikuwa na mbwa wake. Tena viwanda na reli vilikuwa vikienea, makundi ya kondoo yakipungua, na mbwa hodari wale wangeweza kutoweka pamoja na kazi yao.

Watu wengine waliliona jambo hilo kabla yake. Mwaka wa 1891 kilianzishwa chama kilichoitwa Phylax kwa ajili ya mbwa hao, lakini baada ya miaka michache kikavunjika. Wanachama hawakuweza kupatana. Baadhi yao walitaka mbwa wa kazi, na wengine walitaka mbwa mwenye sura ya kupendeza katika maonyesho. Ugomvi huo haujaisha hata leo po pote wafugapo mbwa.

Tarehe 3 Aprili 1899 Stephanitz alikwenda kutazama maonyesho ya mbwa katika mji wa Karlsruhe, pamoja na rafiki yake Artur Meyer. Huko akamwona mbwa mmoja dume wa miaka minne, mwenye rangi ya kijivujivu na umbo linalofanana na mbwa mwitu, mwenye nguvu lakini si mzito. Jina lake lilikuwa Hektor Linksrhein. Mbwa huyu hakuwa wa maonyesho tu. Alitoka katika uzao wa mbwa wachungaji. Stephanitz alimnunua, akambadili jina akamwita Horand von Grafrath, kwa jina la shamba lake. Tarehe 22 mwezi huohuo yeye na wenzake wachache wakaanzisha Chama cha Mbwa Wachungaji wa Kijerumani, naye akawa rais. Kisha wakafungua daftari la nasaba. Katika mstari wa kwanza, namba 1, waliandika Horand.

Nawaomba wasomaji wangu wakae kidogo katika mstari huo. Kabla ya siku ile, mtu alipouza mbwa wa namna ile, mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kama aambiwayo ni kweli. Tangu siku ile kila mbwa wa chama aliandikwa baba yake, mama yake, na mtu aliyemzalisha. Mzalishaji hakuweza tena kujificha. Mbwa akiwa mbaya, daftari lilionyesha alikotoka, na jina la mtu lilikuwa pale.

Lakini Stephanitz aliona kwamba daftari peke yake halitoshi. Nasaba nzuri yaweza kuwa ya mbwa mvivu. Kwa hiyo alisisitiza kuwa mbwa atazamwe kwa faida yake na akili yake, na kwamba uzuri wa mbwa wa kazi ni kuifaa kazi yake. Chama kikaweka mashindano ya kuchunga kondoo na mitihani ya kufuata harufu, kutii na kulinda. Kondoo walipopungua, Stephanitz hakulia. Aliwaendea wakuu wa polisi na wa jeshi akawaomba wawajaribu mbwa wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza mbwa hao walichukua barua katikati ya risasi na kuwatafuta majeruhi waliolala vichakani. Mwaka wa 1916 ikafunguliwa shule huko Oldenburg ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Kazi hiyo ikaenea. Mwaka wa 1928 Mmarekani mmoja kipofu, Morris Frank, alirudi kwao kutoka Uswisi akiongozwa na mbwa jike wa aina hiyo aitwaye Buddy, na mwaka uliofuata kukaanzishwa shule ya namna hiyo Marekani. Waingereza nao walitoa mbwa wao wa kwanza wa vipofu mwaka wa 1931, nao pia walikuwa wa aina hii.

Sasa nieleze makosa, maana si haki kusimulia maisha ya mtu kama kwamba alikuwa malaika. Ili kupata mbwa wanaofanana upesi, Stephanitz na wenzake waliwapandisha ndugu kwa ndugu. Horand alizaa na majike mengi. Mwanawe, Hektor von Schwaben, alipandishwa kwa binti za Horand, yaani dada zake wa baba mmoja. Kwa njia hiyo sura ilitulia haraka, lakini aibu zilizofichika katika damu nazo zilitulia humo humo. Kila mfugaji wa ng'ombe ajua kwamba dume moja likikaa zizini muda mrefu mno, ndama huharibika.

Baada ya vita mbwa hao walipendwa mno, na mapenzi hayo yalileta hasara. Chama kilihesabu wanachama wapata 50,000, na wengi kati yao walitaka fedha tu. Mbwa wakawa warefu kupita kiasi, miguu mirefu, na mioyo yao haikutulia. Wengine waliogopa ovyo, wengine waliuma ovyo. Stephanitz angeweza kunyamaza, maana chama kilikuwa na nguvu na sifa yake ilikuwa kubwa. Hakunyamaza. Aliweka wakaguzi waliokwenda nyumba kwa nyumba kutazama watoto wa mbwa waliozaliwa na kumshauri mwenye mbwa. Tena kukawekwa ukaguzi maalum wa wakubwa, ambapo mbwa alipimwa mwili na moyo, na majaji wakaandika ni jike gani linalomfaa na lipi halimfai. Hapo asili ya cheti cha kuzalishia kijulikanacho leo.

Mwaka wa 1925 yeye mwenyewe alikuwa mwamuzi katika maonyesho makubwa ya chama. Watu walingoja ushindi uende kwa mbwa warefu wenye fahari, ambao wenyewe walikwisha hesabu bei ya watoto wao. Stephanitz akampa ushindi Klodo von Boxberg, mbwa mfupi kuliko wenzake, mrefu wa mgongo, mwenye hatua pana na moyo uliotulia. Kwa uamuzi huo mmoja alizishusha bei za mbwa wa marafiki zake wengi. Nadhani siku ile ilikuwa ngumu kwake kuliko siku zote alizokaa jeshini.

Lakini lipo kosa kubwa zaidi. Stephanitz alizoea kupima damu ya wanyama hata akaanza kupima damu ya wanadamu. Katika kitabu chake kikubwa juu ya mbwa aliandika maneno ya kuwadharau Wayahudi. Fikira kama hizo, walipozishika watu wengine, zilizaa mauaji ambayo dunia haijayasahau, na katika kambi za mauaji walinzi walitumia mbwa wa aina hiyohiyo. Sisi tumefundishwa kwamba watu wote ni uzao wa mtu mmoja. Daftari la nasaba ni la zizini na la bandani. Mtu akilipeleka nyumbani kwa jirani yake, limekuwa jambo la shetani. Nalo lilimrudia mwenyewe. Serikali ya Hitler ilitaka kukitawala chama chake, na mwaka wa 1935 Stephanitz alilazimika kukiacha baada ya kukiongoza miaka 36. Alikufa tarehe 22 Aprili 1936, siku ileile chama kilipotimiza miaka 37.

Siku hizi mtu atakaye kuwa mzalishaji wa mbwa hao katika chama kile hana njia ya mkato. Jike lisipotimiza miezi 20, na dume miezi 24, haliruhusiwi kupandishwa. Nyonga na viwiko hupigwa picha ya eksirei, kwa kuwa aina hii husumbuliwa na ugonjwa wa nyonga. Mbwa hufanya mtihani wa kazi, kisha hukaguliwa. Na kwetu Afrika ya Mashariki kipo East Africa Kennel Club huko Nairobi, kinachoandika mbwa wa nasaba katika daftari lake. Lakini mbwa wetu wa kawaida hawakosi haki kwa sababu hawana cheti. Mtu aweza kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, kutomzalisha jike kila mara apatapo joto, kutowatenga watoto na mama yao mapema, na kumwambia mnunuzi kweli. Hayo hayahitaji chama.

Katika likizo iliyopita nilikwenda kwa yule mzee wa mbuzi. Nilimwambia kwamba baba wa mbwa wake sikumjua tangu mwanzo, nikamrudishia fedha zote nilizozidisha, ambazo nilizipata kwa kazi ya kupalilia migomba. Mbuzi wake wanne sikuweza kumrudishia. Alizihesabu fedha, akazifunga katika kitambaa, akasema mbwa yule amebaki kwake kwa kuwa watoto wa nyumbani wamempenda. Nilipoondoka mbwa mwenyewe alinisindikiza mpaka njia kuu.

Sasa nina daftari langu la shule ambalo sikulitumia kwa hesabu. Katika mstari wa kwanza nimeandika jina la mbwa wetu jike, mwaka aliozaliwa, na tarehe aliyochanjwa. Mahali pa baba yake nimeandika kwamba hajulikani. Ni neno fupi, lakini ni la kweli, na hapo ndipo nilipoanzia.