Harold Edgerton: Mtu aliyelisimamisha tone hewani

Kijana anayegeuza sebule yake kule Jumeirah Village Circle, Dubai, kuwa studio ndogo, akapiga picha za maji yakimwagikia chupa ya manukato kwa ajili ya tangazo, anatumia kazi ya Mmarekani mmoja aliyefariki dunia mwaka 1990. Jina lake ni Harold Edgerton.

Edgerton alizaliwa Aprili 6, 1903 mjini Fremont, jimbo la Nebraska, na kukulia Aurora. Alisomea uhandisi wa umeme, kisha akaenda chuo cha MIT, alikopata udaktari mwaka 1931. Utafiti wake haukuanza na picha. Alikuwa akichunguza mota za umeme, akagundua kwamba taa inayowaka na kuzima kwa kasi sawa na mzunguko wa mota huifanya mota ionekane imesimama.

Kutoka kwenye mota akahamia kwenye matone. Wengi hudhani maji hugandishwa na kamera yenye kasi. La hasha! Chumba huwa giza, kamera huachwa wazi, na kinachoamua ni flashi: umeme uliolimbikizwa hupitishwa ghafla ndani ya mrija wenye gesi, mwanga ukatoka kwa muda mfupi mno na kuzima. Tone halipati nafasi ya kusogea. Alipenda maziwa kwa kuwa weupe wake huonekana vizuri zaidi kuliko maji. Picha yake ya tone la maziwa likirusha taji ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York, mwaka 1937. Hakuridhika nayo, ile ya rangi inayojulikana zaidi ni ya 1957, miaka ishirini baadaye!

Katikati ya hapo kulikuwa na vita. Alitengeneza flashi kubwa za kufungwa kwenye ndege, zikapiga picha za Normandy usiku kabla ya majeshi ya washirika kutua Juni 6, 1944. Mwaka 1947 yeye na wenzake Germeshausen na Grier walianzisha kampuni ya EG&G, iliyopiga picha za majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani. Waandishi wengi wa sifa zake huliruka jambo hili, wakabaki na maziwa tu. Si haki kwa msomaji, maana ujuzi ulikuwa ule ule.

Tangu 1953 alifanya kazi baharini na Mfaransa Jacques Cousteau, ambaye mabaharia wake walimwita Papa Flash.

Alifariki Januari 4, 1990, akiwa na umri wa miaka 86. Miongoni mwa vitu alivyotengeneza pale MIT ni kifaa cha kudondosha maji mbele ya taa ya kumweka. Taa ikienda sawa na matone, yananing'inia hewani. Ikizidi kasi kidogo, yanaonekana kupanda juu.